Bahari Inayolisha Kinsevere: Mafunzo Niliyopata kwa Samaki wa Katoni

Kinsevere inajulikana kwa shaba. Ukilitaja jina hilo mjini Lubumbashi, mtu atakuonyesha upande wa kaskazini, mwendo wa kilomita kama 30, kisha atakuuliza kama una ndugu anayefanya kazi mgodini. Habari za bahari hakuna atakayekuuliza, maana hapa tulipo bahari iko mbali kwa siku nyingi za lori. Hata hivyo sufuria za huku, kuanzia za wafanyakazi wa mgodi hadi za wachoma makaa, zinaitegemea bahari kila juma. Nimeuza samaki wa baharini hapa tangu wanangu wakiwa wadogo, na sasa mmoja wao ndiye anayenishikia daftari la hesabu. Haya niliyojifunza nayaandika kwa ajili ya anayemla samaki huyu bila kujua alikotoka, na kwa akina mama wanaofikiria kuingia katika biashara hii.

1. Samaki wa bei ndogo ndiye aliyetoka mbali kuliko wote

Mteja akisimama mbele ya meza yangu huona samaki wa aina mbili. Kuna pale, yule samaki mpana wa Ziwa Mweru, aliyetokea Kasenga au Kilwa. Na kuna samaki wa katoni, mwembamba, mwenye mgongo wa kijivu na tumbo la fedha. Kifaransa anaitwa chinchard, Kinshasa wanamwita mpiodi, wengi sokoni kwetu humwita tomson. Mtu wa Dar es Salaam angemwona angemfananisha na kibua. Pale ametoka kilomita 200 hivi, na bei yake ni ya siku ya wageni. Tomson ametoka kilomita zipatazo 2,500, na ndiye anayeliwa na bukari, yaani ugali wetu, siku ambazo mfuko umekauka.

Njia yake naijua kwa kuwasikiliza madereva. Anashushwa melini Walvis Bay, Namibia. Lori la friji linapanda hadi Otjiwarongo na Grootfontein, linakata kwenda Rundu, linafuata ule ukanda mwembamba wa nchi unaoelekea mashariki, ambako dereva wa usiku huenda polepole kwa sababu ya tembo wanaovuka barabara. Katima Mulilo linavuka Zambezi kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2004; kabla ya hapo magari yalisubiri pantoni. Kisha Livingstone, Lusaka, Kapiri Mposhi, miji ya shaba ya Zambia, Kasumbalesa, na hatimaye vyumba vya baridi vya Lubumbashi. Mimi namfuata hapo.

Sababu ya kuwa rahisi ni wingi. Meli moja ya bahari kuu huvua kwa siku chache kiasi ambacho mitumbwi ya kijiji kizima cha ziwani haikipati kwa msimu. Gharama ya njia ikigawanywa kwa wingi huo, kila samaki anabeba mzigo mdogo. Mteja anaponiambia, “Mama, huyu wa mbali mbona rahisi, au amechacha?” namjibu hivyo hivyo, na sijaona mtu aliyeshindwa kuelewa.

2. Jangwa na samaki ni watoto wa maji yale yale

Kwa muda mrefu nilijiuliza kwa nini nchi kavu kama Namibia, yenye jangwa linalofika hadi ufukweni, iwe na samaki wengi hivyo. Jibu liko kwenye mkondo wa Benguela. Upepo wa kusini huvuma sambamba na pwani na kuyasukuma maji ya juu kwenda mbali na nchi kavu. Maji ya chini, ya baridi kali, hupanda kuchukua nafasi yake yakiwa yamebeba rutuba iliyokuwa imelala kwenye kina. Rutuba hiyo ikikutana na mwanga wa jua, mimea midogo isiyoonekana kwa macho huzaliana, wadudu wa majini huila, na samaki huwala wadudu. Ni shamba linalotiwa mbolea kila upepo unapovuma, na karibu na Lüderitz ndipo upepo huo una nguvu zaidi. Maji hayo hayo ya baridi ndiyo yanayoinyima pwani mvua. Kwa hiyo jangwa la Namib na katoni iliyo mezani kwangu zina chanzo kimoja.

Duniani kuna mikondo mikubwa minne ya namna hii: huo wa Benguela, wa Humboldt upande wa Peru na Chile, wa California, na wa Kanari upande wa Morocco na Mauritania. Pwani ya Waswahili haina mkondo kama huo. Ndiyo maana Mombasa na Zanzibar wana samaki wa aina nyingi mno, wa kila rangi, lakini hawana kundi moja la kujaza malori yanayokwenda bara kila siku.

Meli zinazomvua tomson hukokota wavu mkubwa katikati ya kina cha maji. Samaki wakipanda melini huchambuliwa kwa ukubwa, hugandishwa palepale baharini katika madonge, hutiwa katika katoni, na ukubwa huandikwa ubavuni kwa sentimita. Tangu alipogandishwa hadi anafika mikononi mwangu hatakiwi kuyeyuka hata mara moja. Na hapo ndipo ilipo kazi yangu hasa.

3. Ninachouza ni baridi

Fundisho hili limenichukua muda kuliko yote, na ningependa wanaoanza walisome mara mbili.

Katoni haichaguliwi kwa kuitazama kwa juu. Mimi huanza na boksi lenyewe. Karatasi ngumu iliyolowa ikakauka huwa na mawimbi, na pembe zake zimelegea. Kisha naomba nifungue kona moja. Ndani samaki wanatakiwa kuwa donge moja, wamelala kichwa kwa mkia, kila mmoja na umbo lake. Naangalia barafu ya chini. Ikiwa nyekundu au ya kahawia, tena imerundikana upande mmoja, donge hilo liliwahi kuyeyuka, maji ya damu yakatiririkia upande ulioinama, halafu likagandishwa tena. Hata muuzaji aapeje, barafu haidanganyi. Naangalia tumbo: likipasuka kwa samaki wengi, joto liliingia. Naangalia jicho lililodidimia. Mwisho nanusa, kwa sababu mafuta ya samaki huyu yakianza kuharibika huwa na harufu kali ya kukwaruza koo, na rangi ya manjano hujitokeza pembeni mwa tumbo.

Wapo wanaodhani nasumbua watu. Lakini samaki wa jamii hii ana hatari yake. Nyama yake ina kitu kiitwacho histidini. Akikaa kwenye joto, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini, na histamini haiondoki kwa kukaangwa wala kwa kuchemshwa, wala kwa kumrudisha tena kwenye friji. Aliyemla huona uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, ngozi inawasha, moyo unakwenda mbio, na ulimi unachoma kama aliyetafuna pilipili, yote hayo ndani ya muda mfupi baada ya kula. Huku kwetu watu husema amelogwa, au kwamba damu yake haipatani na samaki. Nimemweleza mama mmoja aliyekuwa tayari kugombana na jirani yake kwa sababu hiyo. Samaki aliyeharibika anaweza hata asinuke. Kinachomlinda mlaji ni baridi isiyokatika.

Na baridi hukatika kirahisi. Umeme wa mjini hukatika. Barabara ina malori, na Agosti vumbi linatanda hata taa za gari la mbele huzioni. Ndiyo maana mimi hutoka Lubumbashi kabla ya alfajiri. Katoni zinasafiri ndani ya boksi la friji kuukuu, lile lisilo na mashine tena lakini kuta zake bado nzima, na juu yake naweka magunia ya unga wa mbao. Mwezi wa Juni, usiku wa Katanga ukiwa wa baridi kweli, nauza kwa utulivu hadi alasiri. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, jua halina huruma, na mzigo nauleta nusu. Kilichobaki saa sita mchana hakirudi kwenye baridi. Kinapasuliwa, kinatiwa chumvi na kupelekwa kwenye moshi siku hiyo hiyo, naye mteja anaambiwa wazi kwamba ni cha moshi.

Nimwambie pia mpishi jambo moja, maana vijana wengi hawalijui. Tomson ana safu ya magamba magumu yaliyojipanga ubavuni, yameanzia nyuma ya shavu na kuishia mkiani, ambako yanachoma kama meno ya msumeno. Yaondolewe kwa ncha ya kisu kuanzia mkiani kuelekea kichwani kabla ya kukaanga. Mtoto mdogo asipewe mkia.

4. Foleni ya Kasumbalesa inaingia kwenye bei

Lori la friji lililosimama linaendelea kunywa mazuti ili mashine ya baridi isizimike. Kila siku ya foleni mpakani inalipwa na mtu, na mtu huyo wa mwisho ni mama wa Kinsevere anayenunua samaki wawili wa chakula cha jioni. Agosti 2024 Kongo ilizuia vinywaji kutoka Zambia, madereva wakaandamana Kasumbalesa, nayo Zambia ikafunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache. Ugomvi ulikuwa wa bia na soda. Samaki hakutajwa popote, lakini anapita mlango huo huo. Tangu hapo nasikiliza habari za mpaka kila asubuhi kabla ya kutoa pesa yoyote.

5. Wingi una mwisho, na sisi wa Katanga tulikuwa wa kwanza kuujua

Nkambo wangu, baba wa mama yangu, alifanya kazi Kasenga, ukingoni mwa Luapula, enzi za wafanyabiashara wa Kigiriki. Hao ndio walioijenga biashara ya samaki ya kule: walinunua kwa wavuvi, wakapakia kwenye malori pamoja na barafu, wakapeleka Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kuwalisha wafanyakazi wa kampuni ya shaba, Union Minière. Shaba ya Katanga ilichimbwa na watu waliokula samaki wa Luapula. Nkambo alipakia barafu. Mikono yake, alisema, ilikufa ganzi hata akawa hahisi kamba.

Samaki aliyekuwa akimsimulia ni mpumbu. Kila msimu wa mvua mpumbu waliondoka ziwani wakapanda Luapula kwenda kutaga, makundi kwa makundi, na watu walijua siku zao. Kwa miaka mingi kijiji kilikula, kikakausha, kikauza, na samaki walirudi. Kisha zikaja nyavu nyingi, yakaja malori, likaja soko la mjini lisiloshiba. Mpumbu walikamatwa wakiwa njiani kwenda kutaga, matumbo yamejaa mayai, mwaka baada ya mwaka. Kufikia miaka ya 1950 safari zile kubwa za mpumbu zilikuwa zimevunjika. Wavuvi wakageukia pale wa ziwani, naye pale kila kizazi anavuliwa kwa nyavu zenye matundu madogo zaidi.

Namibia ina mpumbu wake pia. Ni dagaa mnene wa baharini, yule wa kwenye makopo, ambaye Wafaransa humwita sardine. Mwaka 1968 ulivuliwa mzigo wa tani zipatazo milioni 1.4. Viwanda vya Walvis Bay vilifanya kazi usiku na mchana. Miaka michache baadaye kundi lile likaporomoka, na halijarudi tena kwenye wingi wake. Mwaka 2018 serikali ya Namibia ilisimamisha kabisa uvuvi wake kwa miaka mitatu. Katika maji aliyoyaacha wazi wakaongezeka konyeza, viumbe laini wasio na mfupa ambao hakuna mtu anayewavua ili kuwala, na ndege wa pwani ile, pengwini wakiwemo, wakakosa chakula chao.

Tomson ndiye aliyebaki kuwa mzigo mkubwa. Kwa hiyo Kinsevere inamla samaki wa pili, baada ya wa kwanza kumalizwa. Nilipolielewa hilo niliacha kumwona kama kitu kisichoisha. Namibia imeweka sheria nzuri: meli za kukokota haziruhusiwi kufanya kazi kwenye maji yenye kina kisichofika mita 200, maana huko karibu na pwani ndiko wanakokulia wachanga, na melini huwekwa waangalizi. Kila mwaka hutangazwa kiasi ambacho hakitakiwi kuzidishwa. Katika miaka ya 2010 kiasi hicho kwa tomson kilipita tani 300,000. Sisi huku hatuna namna ya kuhesabu samaki wa baharini, ila tuna katoni. Nikiona zile za ukubwa mdogo zimezidi chumba kizima cha baridi, na wakubwa hawaonekani mwezi baada ya mwezi, namuuliza mwenye mali, naye amuulize aliyemuuzia. Swali la muuza samaki wa Kinsevere linaweza kuonekana dogo, lakini sisi ndio mdomo wa mwisho wa wavu ule.

Huku nyumbani nako kuna kipindi cha kufunga maji. Zambia hufunga uvuvi wa Mweru na Luapula kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Mwaka 2024 nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zilikubaliana kulifunga miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, na ndakala, dagaa wa ziwa hilo, wakaadimika masokoni. Wenzangu wengine walilalamika. Mimi nauza samaki wa katoni kwa wingi zaidi miezi hiyo, kwa hiyo mtu anaweza kusema ninaisifu kwa faida yangu. Lakini mjukuu wa mpakia barafu wa Kasenga hawezi kuilaumu sheria inayomwacha samaki atage. Laiti mpumbu wangepewa miezi mitatu.

6. Kesi iliyo Windhoek ni ya kwetu pia

Namibia ilipopata uhuru tarehe 21 Machi 1990 ilitangaza kwamba maji ya pwani yake hadi maili 200 ni mali yake, na ikaanza kukamata meli za kigeni zilizozoea kuvua bila kuuliza mtu. Naiheshimu nchi hiyo kwa tendo hilo. Watu wake walikuwa wachache, meli za doria chache, na bado walithubutu.

Kisha Novemba 2019 zikatoka nyaraka zilizoonyesha jinsi haki za kuvua tomson zilivyogawanywa, na madai ya hongo iliyopita kwa wakubwa. Mawaziri wawili walijiuzulu, wa uvuvi na wa sheria, wakakamatwa, na kesi ikaenda mahakamani. Kesi hiyo inajulikana kwa jina la samaki aliyeoza.

Wengi hapa hawakuisikia kabisa. Mimi niliifuatilia kwa redio na kwa simu ya mwanangu, kwa sababu samaki anayesemwa humo ndiye anayekaa mezani kwangu. Haki ya kuvua ikipatikana kwa mlango wa nyuma, aliyeinunua hutaka kurudisha pesa yake upesi, na pesa ile hurudishwa na samaki. Maskini wa Namibia anaibiwa bahari yake, na mlaji wa Katanga anaongezewa bei. Wala hatuna mbunge katika bunge lile wa kutusemea. Kinachobaki ni kwamba serikali yetu, ambayo watu wake wanamla samaki huyu kwa mamilioni, iwe na sauti inapokaa meza moja na Namibia, na ijadili uhai wa samaki pamoja na bei yake. Mazungumzo ya bei peke yake ni ya mtu anayepanga kula leo tu.

7. Mtaji mdogo unataka watu wengi

Hapa nitapita haraka, maana kila mama wa Lubumbashi analijua. Mwanamke mmoja mwenye pesa ya katoni moja hupewa katoni iliyobaki, baada ya wakubwa kuchagua. Sisi tuliungana katika likelemba, tukaweka pesa kila juma, na zamu ya mtu ikifika hununua mzigo wa maana. Baadaye tukaona ni bora tununue pamoja na kugawana mlangoni pa chumba cha baridi. Tukifika wengi tunafunguliwa katoni bila manung'uniko, na gari linalipwa na wote.

Mauzo yenyewe yanafuata kalenda ya mgodi. Mwisho wa mwezi wafanyakazi huchukua samaki wakubwa, wengine katoni nzima kwa ajili ya familia. Katikati ya mwezi tunauza mmoja mmoja, wa ukubwa mdogo, kwa wachimbaji wa mkono na kwa wanawake wa mashambani wanaoleta lengalenga na makaa. Wanaokula kwa shida ndio wanaoniweka sokoni, kwa sababu wako siku zote. Kwa hiyo samaki wadogo wazima nawatengea wao, sichanganyi na waliolegea. Mwanamke mwenye pesa ya samaki mmoja ana haki ya samaki mzuri.

8. Kongo ina bahari, lakini haijafika Katanga

Watoto wa shule huku hushangaa nikiwaambia kwamba nchi yetu ina pwani. Ni fupi, kilomita kama 40 tu, pale Banana na Muanda, mahali Mto Kongo unapomwaga maji yake. Kuna wavuvi wa mitumbwi, na kuna mikoko iliyowekwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1992, ambamo samaki wengi wa bahari hukulia wakiwa wachanga. Januari 2022 liliwekwa jiwe la msingi la bandari ya kina kirefu Banana.

Lakini samaki wa Muanda hawezi kufika Kinsevere akiwa mzima. Reli ya Matadi inaishia Kinshasa, kama ilivyokuwa tangu 1898. Reli ya Katanga ilifika Ilebo mwaka 1928 ikakomea hapo, mtoni. Barabara nzima ya lami kati ya bahari yetu na Lubumbashi hakuna. Kwa njia ya lori, Mkongo wa Katanga yuko karibu na bahari ya Namibia kuliko ya kwao, na mimi nalisema hilo kwa uchungu.

Iko njia nyingine inayozungumzwa sana sasa, ya Lobito, Angola. Reli ya Benguela iliunganishwa na Katanga mwaka 1931. Vita vya Angola viliikata kuanzia 1975, na upande wa Angola ulifunguliwa tena hadi mpakani Luau mwaka 2015. Siku hizi kila anayeitaja anataja shaba na kobalti zinazoshuka kwenda baharini. Nimesoma habari nyingi za mradi huo, na mara chache sana nimeona imeandikwa kitakachopanda kurudi kwetu. Pwani ya Angola ina samaki, ina tomson wake, tena ni maji ya jirani wa Benguela ile ile. Behewa la baridi likifungwa nyuma ya treni inayorudi, samaki atatufikia bila kuzunguka nchi mbili nyingine na bila foleni ya Kasumbalesa. Waliopewa kuiendesha reli hiyo, na serikali zilizotia sahihi, waulizwe hilo sasa, kabla ratiba na mabehewa havijapangwa kwa ajili ya madini peke yake.

La pili tunalolitaka liko karibu zaidi. Umeme mkubwa unafika Kinsevere kwa ajili ya mgodi. Chumba kimoja cha baridi, cha kukodi kwa kilo na kwa siku, kikijengwa karibu na soko na kuunganishwa na umeme wa kuaminika, kitabadilisha kazi yetu yote. Lori litashusha mzigo mara moja kwa juma. Mama mwenye katoni mbili ataweza kuuza moja leo na nyingine keshokutwa, na hatalazimika kuteremsha bei kila jua linapopanda ili amalize kabla ya saa sita. Tumeliandika ombi hilo, tumeorodhesha majina yetu, na tumekwisha kupima kiwanja.